Mchezo wa Fedha Kidogo Wenye Funzo kwa Askari

Wapo wenzetu kambini wadhanio kwamba mchezo wa kompyuta hauwezi kuwa bora pasipo mamilioni mengi ya fedha. Leo twawaletea mmoja unaoikanusha dhana hiyo, ingawa nao una kasoro zake.

Mchezo huo ni Shadowrun Returns, uliotolewa mwaka 2013 na Harebrained Schemes, kampuni ndogo ya Marekani. Mwaka 2012 kampuni hiyo iliwaomba wapenzi wa michezo mchango wa dola 400,000. Watu zaidi ya 36,000 walijitokeza, wakatoa zaidi ya dola milioni 1.8. Kwa kazi ya namna hiyo, hizo bado ni fedha haba.

Kisa chatokea mjini Seattle, mwaka 2054. Makampuni makubwa yametwaa mamlaka, watu hupachikwa viungo vya mitambo, na uchawi umerejea duniani. Hata polisi ni kampuni ya kukodiwa, iitwayo Lone Star. Mchezaji ni mamluki fukara anayepokea ujumbe wa rafiki yake aliyekwisha kuuawa: amtafute muuaji, naye atalipwa.

Sifa ya kwanza ni mapigano. Huendeshwa kwa zamu, na kila mpiganaji ana vitendo vichache tu katika zamu yake. Asiyejikinga vema huanguka upesi. Mmoja apenyapo katika mitambo ya adui, wenziwe hawana budi kumlinda. Anayekurupuka hafiki mbali.

Sifa ya pili ni maandishi. Hakuna sauti za waigizaji. Mazungumzo husomwa, nayo yameandikwa kwa ustadi.

Kasoro nazo ni bayana. Njia ya kisa ni moja. Mchezaji huchagua maneno, lakini mara chache huchagua mwelekeo. Tena, mchezo ulipotoka haukumruhusu mtu kuhifadhi alipofika, ila mwanzoni mwa kila eneo. Askari aitwaye lindoni ghafla angepoteza kazi yote ya eneo lile. Kosa hilo lilirekebishwa mwaka 2014, ilipotoka Dragonfall, sehemu ya pili inayotokea Berlin.

Kwa maoni yetu, waundaji walifanya kama kamanda mwenye risasi chache: walichagua shabaha. Nao polisi wetu wanaoucheza, wakimwona askari wa Lone Star, wajiulize: pale ulinzi unapouzwa, raia maskini atamwita nani?