Neno "Mnavu" na Mimea Inayoitwa kwa Jina Hilo

Wengi wanaofasiri neno "mnavu" hutosheka kuandika Solanum nigrum, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753. Jina hilo halimsaidii mzazi ambaye mtoto wake amechuma tunda jeusi na ataka kulila.

Natuangalie Kitendaguro, Bukoba. Kwa desturi ya Uhaya, ardhi huwa ama kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni lizungukalo nyumba, ama rweya, yaani uwanda wa nyasi wenye udongo hafifu. Mnavu hupenda udongo uliotifuliwa na wenye samadi. Basi autafutaye aanzie kibanjani, jalalani na kandokando ya zizi.

Shina lake halina miiba kama la ndulele. Maua ni madogo, meupe, yenye petali tano na stameni za njano zilizosongamana katikati. Matunda yalingana na pilipili manga, nayo huota kadhaa katika kikonyo kimoja. Atropa belladonna, mmea wa sumu kali usio wa asili ya Afrika Mashariki, una ua la zambarau lenye umbo la kengele, na tunda lake hukaa peke yake juu ya vijani vitano vilivyotanda kama nyota.

Hata hivyo, alama hizo za mnavu zatambulisha kundi, si aina moja. Mwaka 1768 Philip Miller alizipa majina aina tatu zionekanazo kwetu: Solanum scabrum, yenye matunda makubwa meusi, S. americanum, yenye madogo yang'aayo; na S. villosum, yenye rangi ya machungwa. Zote huitwa mnavu. Waganda husema ensugga, na Wajaluo osuga. Mfanano huo wadokeza kwamba jina limevuka mpaka kati ya lugha za Kibantu na za Kinailoti.

Tofauti hizi si za wataalamu tu, kwa maana matunda mabichi yana solanini, ambayo ni sumu. Kwa hiyo napendekeza fasili hii:

Mnavu (mi-): mmea mdogo usio na miiba, wenye maua meupe na vichala vya matunda ya kijani yaivayo kuwa meusi au rangi ya machungwa, huota penye samadi, majani huchemshwa yakawa mboga, matunda mabichi hayaliwi.

Fasili ya namna hii yaweza kuthibitishwa shambani.