Chaja ziende barabarani, haidrojeni iende kiwandani

Mjadala wa magari yasiyochoma petroli unapoibuka Nairobi, Kigali au Dar es Salaam, mara nyingi huishia kwenye chombo chenyewe: bei yake, mwendo wake, umbali kinaoweza kwenda kabla ya kuishiwa. Hayo ni mambo ya muuzaji na mnunuzi. Mpanga bajeti ana swali lingine, zito zaidi: nani atalipia mtandao wa kukipa chombo hicho nishati, utajengwa kwa mpangilio gani, na fedha zilizotumika zitarudi lini. Zipo njia mbili zinazoshindaniwa. Gari la betri huchukua umeme kwenye gridi na kuuhifadhi. Gari la haidrojeni hubeba gesi kwenye tenki, na ndani ya kifaa kiitwacho seli ya mafuta gesi hiyo huungana na oksijeni ya hewani, ikatoa umeme wa kuzungusha mota huku kinachotoka nyuma kikiwa mvuke wa maji tu. Kwa upande wa usafi wa hewa mjini, yote mawili yanafaa. Yanatofautiana katika namna mtandao wake unavyokua, na hapo ndipo Afrika Mashariki inapopaswa kufanya uamuzi: fedha za umma za usafiri ziende kwenye chaja na nyaya zinazozilisha, na haidrojeni ipelekwe kwenye kazi ambazo umeme hauziwezi moja kwa moja.

Mtandao wa haidrojeni ni mnyororo usiokubali pengo. Unahitaji mtambo wa kuizalisha, vyombo vya kuisafirisha, kompresa za kuigandamiza hadi kufikia bar 700 kwa magari madogo, na mashine za kuipoza hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri ili tenki lijae kwa dakika chache bila kupata joto la hatari. Kiungo kimoja kikikosekana, vingine havizalishi hata senti. Kituo kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na ni lazima kiwe kimekamilika kabla ya mteja wa kwanza kufika. Jimbo la California, Marekani, lilijaribu kulivunja tatizo hilo kwa fedha za umma. Sheria ya mwaka 2013 ilitenga hadi dola milioni 20 kila mwaka mpaka vituo vifike 100, na Toyota iliwapa wanunuzi wa gari lake la Mirai mafuta ya bure yenye thamani ya hadi dola 15,000. Hadi mwaka 2024 vituo vilivyokuwa wazi havikuwa vimefika hata 70. Bei ya kilo moja, iliyokuwa karibu dola 13 mwaka 2021, ilipanda hadi dola 36 katika vituo vingi kufikia mwishoni mwa 2023. Tenki la Mirai huchukua zaidi kidogo ya kilo tano na nusu, kwa hiyo kulijaza kulimgharimu mwenye gari takriban dola 200. Februari 2024 Shell ikafunga kabisa vituo vyake vya magari madogo jimboni humo.

Mtu anaweza kudhani kwamba California ilikosea utekelezaji tu. Ulaya inaonyesha kwamba kasoro iko ndani ya mnyororo wenyewe. Norway, mwaka 2019, kituo cha haidrojeni kililipuka huko Sandvika karibu na Oslo, na kwa muda Toyota na Hyundai zikasitisha uuzaji wa magari ya aina hiyo nchini humo. Mtandao ukiwa na vituo vichache, ajali moja huusimamisha wote. Denmark, kampuni ya Everfuel ilifunga vituo vyake vya magari mwaka 2023. Julai 2025, kundi la Stellantis, lenye chapa za Peugeot, Fiat na Jeep, lilitangaza kuachana na mpango wake wa seli za haidrojeni. Ni Norway hiyohiyo ambako, mwaka 2024, karibu magari 89 katika kila 100 mapya yaliyosajiliwa yalikuwa ya betri. Wananchi walewale, serikali ileile yenye fedha na nia, njia mbili, matokeo mawili. Mtandao mmoja uliweza kuanza na soketi ya nyumbani na kukua kadiri wateja walivyoongezeka. Mwingine ulitakiwa uwe mzima tangu siku ya kwanza.

Hesabu ya nishati inaongeza uzito kwenye hoja hiyo. Kutenganisha maji ili kupata kilo moja ya haidrojeni hula takriban uniti 50 hadi 55 za umeme, na kuigandamiza na kuipoza huongeza uniti nyingine kadhaa. Tuseme uniti 60 kwa jumla. Kilo hiyo hulisogeza gari dogo kilomita 100 na ushei. Uniti hizohizo 60 zikiingizwa kwenye gari la betri la ukubwa unaolingana, hata baada ya kutoa kinachopotea wakati wa kuchaji, zitalifikisha karibu kilomita 300. Kwa nchi yenye umeme wa ziada usio na pa kwenda, upotevu huo ungevumilika. Kwa nchi ambazo bado zinapeleka nguzo vijijini, kutumia uniti tatu kwa kazi inayoweza kufanywa na uniti moja ni gharama ambayo hatimaye hulipwa na abiria kwenye nauli au na mlipakodi kwenye ruzuku.

Tazama sasa jinsi mtandao wa betri unavyoota mizizi hapa kwetu. Rwanda, mwaka 2021, serikali ilitangaza vivutio vya usafiri wa umeme: msamaha wa VAT kwa vyombo na vipuri vyake, bei ya umeme ya viwandani kwa vituo vya kuchajia, na ardhi ya serikali kwa wanaotaka kuvijenga. Kampuni ya Ampersand, iliyoanzia Kigali, imejenga vituo ambako dereva wa pikipiki huacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache. Kituo cha namna hiyo kinahitaji chumba kidogo, kabati la chaja na laini ya umeme. Kikifanya biashara, cha pili hufunguliwa mtaa wa jirani. Kisipofanya, kabati huhamishwa. Vituo vilipokwisha kuenea ndipo serikali ilipochukua hatua kali zaidi: kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa biashara ya abiria mjini Kigali. Huo ni mpangilio wenye busara, kwa kuwa marufuku imefuata huduma. Ethiopia ilianzia upande wa pili. Ilizuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mapema mwaka 2024, na wenye magari ya umeme nje ya Addis Ababa wakabaki na vituo vichache mno.

Kenya inaonyesha jambo la ziada, kwamba mtandao wa chaja unaweza kuufaidisha mfumo mzima wa umeme. Sehemu kubwa ya umeme wa nchi hiyo, karibu asilimia 90, hutoka kwenye vyanzo jadidifu, na jotoardhi la Olkaria ndilo linaloongoza. Visima vya mvuke havilali. Usiku watu wanapozima taa na viwanda vikapunguza kazi, sehemu ya mvuke huachwa iende hewani bila kuzalisha kitu. Mwaka 2023 mamlaka ya udhibiti wa nishati, EPRA, iliidhinisha bei maalumu kwa usafiri wa umeme: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 kwa saa ambazo matumizi ya umeme ni madogo. Kwa bei hiyo, basi linalolala kwenye depo likichaji hununua kitu ambacho kingepotea. Kampuni ya BasiGo, inayowakodishia betri wenye matatu na kuwatoza kwa kila kilomita, imejenga biashara yake juu ya hesabu hiyo. Mwenye basi hapati mzigo wa kununua betri, kampuni inapata mteja wa kudumu, na shirika la umeme linauza uniti za usiku. Mtambo wa haidrojeni nao ungeweza kununua umeme wa usiku, lakini ni mali ghali, na mali ghali inayofanya kazi saa chache tu kwa siku huchelewa sana kurudisha mtaji wake.

Dar es Salaam nayo ina ushahidi wake, na haukutoka ng'ambo. Tanzania ina gesi asilia yake kutoka Songo Songo na Mtwara, na bei ya gesi hiyo iliyogandamizwa (CNG) imewavuta wenye bajaji, teksi na daladala wengi kubadilisha mifumo ya magari yao. Wateja walikuja kwa kasi kuliko vituo, na foleni za saa nyingi zikawa sehemu ya kazi ya dereva. Hapo ni gesi inayotoka ardhini mwetu, yenye bomba hadi mjini, inayogandamizwa kwa shinikizo lisilofika hata nusu ya lile la haidrojeni. Kama mafuta yenye faida zote hizo yamesumbuliwa na uchache wa vituo, mwenye kutaka haidrojeni kwa daladala ana deni la kueleza atakachofanya tofauti.

Watetezi wa haidrojeni wana hoja yao nzito, nayo ni ya malori. Betri ina uzito, na lori la mafuta linalotoka Mombasa kwenda Kampala, au la shehena kutoka Dar es Salaam kwenda Lusaka, halina muda wa kusimama saa nyingi kila kituo. Umoja wa Ulaya wenyewe haujaitupa haidrojeni: kanuni yake ya mwaka 2023 inataka vituo vya haidrojeni kila kilomita 200 kwenye barabara kuu za bara hilo ifikapo mwisho wa 2030, pamoja na chaja za magari madogo kila kilomita 60. Afrika Kusini, kampuni ya Anglo American ilizindua mwaka 2022 lori la mgodini lenye uwezo wa kubeba tani 290 linalotumia haidrojeni pamoja na betri, katika mgodi wa Mogalakwena. Mfano huo wa mgodi una maana, kwa sababu magari yanazunguka eneo moja na kituo kimoja kinatosha wote. Barabara kuu ni jambo jingine. China, inayoongoza duniani kwa malori na mabasi ya haidrojeni, iliuza magari ya aina hiyo yasiyofika 10,000 mwaka 2024, wakati yale ya betri na ya kuchomeka kwenye umeme yalipita milioni 12, na malori mazito ya kubadilishiwa betri yameshaingia kazini huko. Na kwa shehena za masafa marefu tayari tunayo miundombinu ya umeme isiyohitaji betri wala tenki: reli ya SGR ya Tanzania, iliyoanza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, inaendeshwa kwa umeme. Kila tani inayohamia kwenye reli hiyo ni tani isiyohitaji lori la aina yoyote.

Hoja ya pili hutoka kwa wanaokatikiwa umeme. Kenya ilizimika karibu nchi nzima Agosti 2023, na Tanzania ilipita kipindi kigumu cha mgao kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024. Hofu hiyo ni halali, lakini haiisaidii haidrojeni, inayokula umeme mwingi zaidi kwa kila kilomita, na ambayo kompresa zake husimama umeme ukikatika. Kituo cha kubadilisha betri, kinyume chake, kina akiba rafuni: betri zilizojaa kabla ya umeme kukatika bado zinauzika. Zaidi ya hayo, tatizo limebadilika sura. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilipoanza kuzalisha mwaka 2024, Tanzania ilifika mahali pa kuzima baadhi ya mitambo kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji, na bado mitaa kadhaa iliendelea kukatikiwa kwa sababu ya nyaya na transfoma zilizochoka. Fedha zikielekezwa kwenye usambazaji huo, chaja itapata umeme, na mwenye saluni, mwenye mashine ya kusaga na mgonjwa wodini watafaidika kwa mradi uleule. Hakuna kituo cha haidrojeni kinachoweza kumfaa mwenye saluni.

Hatari kubwa ya njia ya betri ipo kwingine, na haizungumzwi vya kutosha. Kampuni nyingi za pikipiki za umeme katika kanda hii zina betri zao, umbo lao na plagi zao. Dereva aliyenunua chombo cha kampuni moja mara nyingi hawezi kubadilisha betri kwenye kituo cha nyingine, na kampuni yake ikifilisika, pikipiki yake inageuka chuma. Jambo hilo limeshatokea mahali pengine: Better Place ya Israeli, iliyokusanya mamia ya mamilioni ya dola kwa mtandao wa kubadilisha betri za magari, ilifilisika mwaka 2013 na kuwaacha wateja wake bila huduma. Mashirika ya viwango ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki yanaweza kulizuia hilo sasa, wakati mtandao bado mchanga, kwa kukubaliana plagi moja kwa magari na mabasi, vipimo vya pamoja vya usalama wa betri, na sharti kwamba kampuni inayopewa ardhi ya umma, msamaha wa kodi au bei nafuu ya umeme ifungue vituo vyake kwa vyombo vya wengine ndani ya muda uliowekwa. Wawekezaji watasema sharti hilo linapunguza faida ya aliyetangulia. Ni kweli linapunguza, na ndiyo maana limefungwa kwenye vivutio: anayejenga kwa fedha zake bila msaada wa umma abaki huru, anayebebwa na mlipakodi amhudumie kila mlipakodi.

Haidrojeni nayo ina kazi kubwa inayoisubiri. Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa amonia, na amonia haitengenezeki bila haidrojeni. Mkakati wa Kenya wa haidrojeni safi, uliozinduliwa Septemba 2023, umeiweka mbolea mbele kwa sababu hiyo. Huko haihitaji mamia ya vituo barabarani: mtambo mmoja karibu na chanzo cha umeme, kiwanda kimoja, na soko la wakulima ambao leo mbolea yao huagizwa kwa dola. Megawati moja ya jotoardhi inayokwenda kwenye mbolea inapunguza bili ya uagizaji, na megawati inayokwenda kwenye betri ya bodaboda inapunguza bili ya petroli. Ikipelekwa kwenye tenki la daladala kwa njia ya haidrojeni, theluthi mbili ya kazi yake hupotea njiani. Mawaziri wa fedha na nishati wanaoandaa bajeti zijazo wanazo hesabu hizi mezani: transfoma na laini za mitaani kwanza, bei ya usiku ya kudumu kwa wenye chaja, viwango vya pamoja vya betri kabla kampuni hazijawa kubwa mno kukubali, na haidrojeni ipangiwe kiwanda cha mbolea.