Fuwele na Mwanga: Almasi ya Kisangani na Fuwele Nusu-ogania

Msafiri anayetua Bangboka, uwanja wa ndege ulio mashariki ya Kisangani, huingia katika mji ambao fuwele yake maarufu ni almasi. Utajiri wa jiwe hilo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini humo mwezi Juni 2000. Hata hivyo, ipo kazi moja ambayo almasi safi haiiwezi, nayo huwezwa na fuwele inayokuzwa ndani ya bilauri ya maji.

Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimepangika kwa utaratibu unaojirudia. Chumvi na sukari ni mifano. Kwa kawaida mwanga hupita katika kitu kama hicho bila kubadili rangi. Lakini mwanga wa leza ukiwa mkali sana, mwitiko wa elektroni hauwi tena sawia na nguvu ya mwanga. Taaluma inayochunguza hali hiyo huitwa optiki isiyo ya mstari. Mwaka 1961 Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha leza ya nanomita 694 katika fuwele ya kwazi. Sehemu ndogo ya mwanga ikatoka na nanomita 347, yaani nusu ya urefu wa wimbi.

Sharti la badiliko hilo ni kwamba mpangilio wa fuwele usiwe na kitovu cha ulinganifu. Almasi inacho kitovu hicho; mwitiko wa upande mmoja hufutwa na wa upande wa pili.

Fuwele za ogania huitikia mwanga kwa nguvu, lakini nyingi ni laini na hazistahimili joto. Zisizo ogania ni imara, ila mwitiko wake mara nyingi ni hafifu. Fuwele nusu-ogania huunganisha sifa za pande zote mbili. Mfano ni fosfati ya L-aginini, iliyotangazwa na watafiti wa Uchina mwaka 1983. Molekuli za asidi amino hiyo zote ni za umbo la mkono mmoja, kwa hiyo kitovu cha ulinganifu hakiwezi kupatikana.

Ukuzaji wake hufanana na kilimo. Mmumunyo hukolezwa, huchujwa, kisha mbegu ya fuwele hutundikwa ndani yake kwa uzi. Maji huachwa yapungue polepole, kwani haraka huleta nyufa na mawingu. Kisangani, iliyo karibu na Ikweta, joto hubadilika kidogo mwaka mzima. Lakini unyevu wa hewa huchelewesha ukaukaji.

Kisha sifa hubainishwa: eksirei huonyesha mpangilio, joto hupima ustahimilivu, na mwanga hupima uangavu. Kwa njia ya Kurtz na Perry ya mwaka 1968, unga wa fuwele hupigwa leza isiyoonekana ya nanomita 1064. Ukitoa mwanga wa kijani wa nanomita 532, fuwele imefaulu.

Bilauri, uzi na subira havihitaji mtaji mkubwa. Vipimo ndivyo ghali, na hapo ndipo maabara nyingi za Afrika hukwama.