Swali la Mwanafunzi na Kipimajoto Chake

Mnamo mwaka 1963 wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, karibu na Lushoto, walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ikawa haba. Mwanafunzi mmoja aliharakisha kuweka maziwa yake bila ya kuyachemsha. Mwenziwe wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, kwa kuchelea kukosa nafasi, aliyaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na yale mengine bado uji mzito.

Mwalimu wa fizikia alipoulizwa, alijibu kwamba kijana amechanganyikiwa. Wengi wangaliishia hapo. Mpemba akamwuliza rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu mjini Tanga, akaambiwa kuwa maziwa moto ndiyo yawahiyo kuganda. Alipoendelea na masomo huko Mkwawa, Iringa, aliuliza tena darasani, akafanyiwa mzaha. Ndipo alipokwenda katika maabara ya biolojia akiwa na bika mbili za mililita 50 kila moja, moja yenye maji ya bomba na moja yenye maji moto, akazitia katika jokofu. Baada ya saa moja barafu ilikuwa nyingi zaidi katika ile ya maji moto.

Baadaye Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alizuru shule hiyo. Mpemba akasimama mbele ya wenzake na kuuliza swali lake, nao wakacheka. Mhadhiri hakucheka, aliporejea alimwagiza fundi wake wa maabara alijaribu jambo hilo. Fundi alileta habari kwamba maji moto yameganda kwanza, akaahidi kulirudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi! Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la “Physics Education”.

Habari hii husimuliwa mara nyingi, lakini aghalabu huachwa sehemu iliyo na faida kubwa kwa mwanafunzi. Maziwa ya Magamba hayakuweza kuthibitisha jambo lolote. Tofauti zake zilikuwa mbili kwa pamoja: haya yalichemshwa na yale hayakuchemshwa, haya yalikuwa moto na yale baridi. Nani ajuaye ni tofauti ipi iliyoleta matokeo? Katika bika za Mkwawa maji yalichukua nafasi ya maziwa, vipimo vikawa sawa, na jambo lililokusudiwa kutofautiana likawa moja tu, yaani joto la mwanzo. Hapo ndipo udadisi ulipogeuka utafiti.

Na wala swali halijafungwa. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden, huko Uingereza, walipima upya na hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji moto hupoa upesi zaidi. Walionyesha kuwa vipimajoto vikitofautiana kimo kwa sentimita 1 tu ndani ya maji, tofauti hiyo ndogo yatosha kuzua matokeo ya uongo. Mwanafunzi anayetumbukiza kipimajoto popote mkono unapoangukia hana budi kulitafakari hilo.

Shule isiyo na jokofu isikate tamaa. Chukua mtungi wa udongo. Maji hupenya katika vitundu vyake, hutoka nje na kugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Uliza swali dogo: je, mtungi uliowekwa penye upepo hupoza zaidi ya ule ulio penye hewa tulivu? (Kichwa cha mradi kisemacho “Athari za Hali ya Hewa katika Afrika” hakina jaribio ndani yake, nami nimekwisha kuona vingi vya namna hiyo.) Tafuta mitungi miwili ya ukubwa mmoja kutoka kwa mfinyanzi mmoja, ijaze maji sawasawa, iweke yote kivulini, na upime joto kila nusu saa kwa kina kile kile. Kesho yake ibadilishane mahali. Pengine tofauti ni ya udongo, si ya upepo. Weka pia ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ambayo haivuji, ili upate cha kulinganishia.

Mwenye mizani apime na uzito. Gramu 1 ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto liwezalo kupoza kiasi cha gramu 570 za maji kwa nyuzi 1 ya Sentigredi. Basi mtungi wa lita 5 ukipoteza gramu 90, hesabu yadai maji yapoe kwa nyuzi 10 hivi. Kipimajoto kitaonyesha pungufu, kwani hewa ya nje nayo yazidi kuupasha mtungi joto. Upungufu huo ni wa kiasi gani, na hutegemea nini? Huo tayari ni mradi wa pili.

Ndugu mwalimu, mwachie mwanafunzi daftari lake, wala usimtajie jibu kabla hajapima. Siku za mvua, hewa ikijaa unyevu, huenda mtungi usipoze hata nyuzi 1. Nambari za siku hizo nazo ziandikwe.