Nukta pekee hazitoshi kueleza mwendo wa maji

WATAALAMU wanaoiga mwendo wa maji kwa kompyuta huigawa bahari kwa wavu wa pembetatu zisizolingana. Baharini, pembetatu moja yaweza kuwa na upana wa kilomita nyingi, ilhali karibu na mifereji na kuta za kuzuia mafuriko hupungua hadi makumi ya mita.

Mfano ni ADCIRC, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Fortran. Ilitumika kuchunguza namna kimbunga Katrina kilivyosukuma maji hadi New Orleans, Marekani, mnamo Agosti 2005, ambapo takriban asilimia 80 ya jiji hilo ilifurika.

Anayetaka kuyachanganua matokeo kama hayo kwa lugha ya Python sharti asome mambo mawili pamoja: orodha ya nukta, yaani mahali zilipo na kimo cha maji, na jedwali linaloonyesha ni nukta zipi tatu zinazounda kila pembetatu. Katika faili za netCDF za ADCIRC, jedwali hilo huitwa "element", na kimo cha maji huitwa "zeta".

Jedwali hilo ndilo uti wa mgongo wa kazi yote. Likiachwa, Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora ramani na grafu, huziunganisha nukta kwa kanuni yake yenyewe. Matokeo yake ni pembetatu zinazovuka visiwa na kuta ambako wavu halisi uliacha pengo. Maji yataonekana yakipita mahali ambapo hayakupita kamwe.

Hata hivyo, kuwa na jedwali si kumaliza kazi. ADCIRC huhesabu nukta kuanzia 1, lakini Python huanzia 0. Kwa hivyo, kila nambari ya jedwali hupunguzwa kwa 1 kabla ya kutumiwa. Pasipo kufanya hivyo, kila pembetatu itashika nukta zisizo zake, na nambari ya mwisho itaelekeza pasipo na kitu.

Aidha, nukta iliyo kwenye nchi kavu huandikiwa -99999. Thamani hiyo si kimo cha maji, bali ni alama tu, na sharti ifichwe kabla ya hesabu yoyote. Faili za maandishi ya kawaida zahitaji uangalifu zaidi, kwani msomaji ndiye anayepaswa kuiondoa.

Isitoshe, wastani wa nukta si wastani wa eneo. Kwa kuwa nukta zimesongamana ufuoni, sehemu ndogo ya pwani huweza kuizidi nguvu bahari nzima katika hesabu. Dawa ni kupima kila pembetatu kwa ukubwa wake.

Ramani za aina hii huwaongoza wanaoamua ukuta uinuliwe wapi na ni wakazi gani wahamishwe. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya mchanganuzi ni kuchora wavu wenyewe na kuulinganisha na ufuo, kabla hajaanza kukokotoa lolote.