Taya Likiuma, Usikimbilie Kung'oa Jino

Katika kliniki za meno hatuwakosi wagonjwa waliong'olewa gego moja, kisha la pili, na maumivu yakabaki palepale: mbele ya sikio, yakipanda hadi kwenye panja na kushuka shavuni. Magego yale yalikuwa mazima. Kilichokuwa kikiuma ni kiungo cha taya au misuli inayokiendesha.

Weka ncha za vidole mbele kidogo ya masikio, ufungue mdomo polepole. Utahisi vifundo viwili vikizunguka, kisha vikiteleza kwenda mbele. Kati ya kila kifundo na fuvu kuna kisahani cha gegedu kilichokaa juu ya mfupa kama kofia kichwani. Kofia hiyo ikiwa imesogea mbele, kifundo huiruka na kuingia chini yake mdomo unapofunguka, na hapo ndipo husikika ule mlio wa "tak!". Mlio peke yake si ugonjwa. Wengi wanao, hawaumwi, wanakula vizuri, na hawahitaji tiba yoyote. Wasiwasi wangu huanza pale mlio uliozoeleka unapokoma ghafla na mdomo nao ukagoma kufunguka, kwa kuwa huenda kisahani kimekwama mbele na kuziba njia. Mtu mzima kwa kawaida hufungua mdomo milimita 40 hadi 50, yaani vidole vyake vitatu vikisimama kati ya meno ya mbele. Vikiingia viwili tu, tena kwa taabu, nenda ukaonwe.

Mara nyingi zaidi, shida iko kwenye misuli. Taya likiwa limepumzika, midomo hufungwa, meno ya juu na ya chini huachana, ulimi hulala kaakaani. Meno hugusana wakati wa kutafuna na kumeza, basi. Lakini dereva aliyekwama kwenye foleni, fundi aliyeinamia cherehani na mwanafunzi wa mitihani hubana meno kwa muda mrefu bila kujijua, na wengine huyasaga usingizini. Ongeza hapo saa kadhaa za kutafuna mirungi au chingamu, misuli itachoka na kukaza. Wasiwasi na kukosa usingizi huyakoleza maumivu haya. Kusema hivyo si kumwambia mgonjwa kwamba anajifanya. Wanawake hasa, ambao ndio wanaoumwa zaidi, wamerudishwa nyumbani mara nyingi mno kwa maneno ya "ni mawazo tu". Maumivu yao ni ya kweli.

Tiba huanzia nyumbani. Kwa wiki mbili hivi kula vyakula laini; muwa na mahindi ya kuchoma visubiri. Kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza. Ukipiga miayo, zuia kidevu kwa ngumi. Weka ncha ya ulimi kaakaani, fungua mdomo bila ulimi kuachia, funga, rudia mara chache, kutwa mara kadhaa. Na kila unapokumbuka mchana, achanisha meno. Hili ninalisisitiza kuliko dawa yoyote, ingawa parasetamoli au ibuprofeni ya siku chache humfaa asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo.

Maumivu yakidumu, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia. Mwongozo uliotolewa mwaka 2023 katika jarida la tiba la BMJ la Uingereza, kwa maumivu sugu ya taya, uliweka mbele mazoezi, tiba ya mikono na tiba ya kisaikolojia. Ulionya vikali dhidi ya kukiondoa kisahani kwa upasuaji. Historia inaunga mkono tahadhari hiyo. Mwaka 1934 daktari Mmarekani James Costen alihusisha maumivu haya na kukosa magego, na kwa miongo kadhaa watu wakapunguzwa meno ili "yakutane vizuri". Miaka ya 1980 Wamarekani wengine waliwekewa visahani bandia vyenye Teflon; vikamomonyoka na kuula mfupa. Akikushauri mtu kuchonga, kung'oa au kupasua kabla mengine hayajajaribiwa, omba maoni ya daktari wa pili.

Si kila taya gumu ni la kiungo, hata hivyo. Likikaza siku chache baada ya jeraha, hasa la msumari au mwiba, fikiria pepopunda na ukimbie hospitali. Maumivu ya taya yanayoambatana na kubanwa kifua na jasho yanaweza kuwa ya moyo. Mwenye zaidi ya miaka 50 anayeumwa taya akitafuna, pamoja na maumivu mapya ya kichwa au macho kufifia, aonwe siku hiyohiyo. Na kwa watafunaji wa tambuu wa pwani: popoo iliyomo ndani yake hukaza nyama za ndani ya mashavu taratibu, pilipili ikaanza kuunguza, mdomo ukazidi kushindwa kufunguka mwaka hadi mwaka. Hapo mazoezi peke yake hayatoshi. Popoo iachwe na kinywa kichunguzwe mara kwa mara, kwa kuwa hali hiyo inaweza kugeuka saratani.