Kioo Kinapoganda Katikati ya Msaada wa Mbali

Jamaa za askari zimezoea kuishi mbalimbali. Baba yuko kambini Jinja, mama na watoto wako Mbale chini ya jabali la Wanale, na kati yao iko barabara ya Iganga na Tirinyi, mwendo wa kilomita zipatazo 150. Zamani kitu kikiharibika nyumbani kilingoja likizo. Siku hizi mwenye ujuzi aweza kukaa Jinja akaiendesha kompyuta iliyoko Mbale kwa njia ya intaneti, kana kwamba iko mezani pake. Lakini msaada huo una adha yake: katikati ya kazi kioo huganda, mshale hausogei, na pande mbili huanza kulaumiana.

Tuchukue mfano wa mke wa askari aliyeko Mbale. Binti yake anaomba nafasi ya chuo, maombi yanafungwa saa sita usiku, na programu ya kusomea hati imekataa kufunguka. Shemeji yake wa Jinja anaitengeneza kutoka huko. Saa tatu kioo cha shemeji kinakwama, naye anapiga simu.

"Shemeji, umezima mashine?"

"Sijaizima, shemeji. Hapa kioo kimefifia, kinaniuliza kama naruhusu."

Jibu hilo limekwisha kuonyesha penye tatizo. Kompyuta za Windows, zinapotakiwa kuweka programu mpya au kubadili jambo kubwa, hufunika kioo kizima na kuuliza ruhusa ya mwenye mashine. Dirisha hilo la ruhusa limetengwa makusudi ili programu nyingine yoyote isiweze kulibonyeza. Kwa hiyo programu nyingi za msaada wa mbali hazilioni. Msaidizi huona weusi au picha iliyosimama, akadhani mtandao umekufa, huku mashine ikimngoja mama. Dawa yake ni mama kusoma kwa sauti jina la programu inayoomba ruhusa, msaidizi kuthibitisha kwamba ndiye aliyeianzisha, kisha mama mwenyewe kubonyeza kitufe cha kukubali. Wako mafundi wanaoondoa ulinzi huo ili wasisumbuliwe. Hao wanang'oa kufuli kwa sababu ufunguo ni mzito.

Ndiyo maana swali la kwanza lisiwe "Umefanya nini?" bali "Je, mshale wako unasogea, na saa iliyo pembeni ya kioo inakwenda?" Ikiwa mashine ya nyumbani inakwenda vizuri, wala haiulizi ruhusa, basi kasoro imo njiani.

Njia yenyewe ni ndefu kuliko tunavyodhani. Kabla ya mwaka 2009, kebo za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, mawasiliano ya Uganda na ng'ambo yalitegemea sana satelaiti zilizo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, na swali na jibu lake vilichukua yapata nusu sekunde. Kebo zimepunguza kuchelewa huko, ila hazikuondoa hatari. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na Afrika Kusini, intaneti ilizorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Na mtu asiseme kwamba Jinja na Mbale ni jirani: kompyuta mbili zikishindwa kuunganika moja kwa moja, programu hupitisha picha katika mashine ya kati, ambayo yaweza kuwa ng'ambo.

Kisha iko Wanale yenyewe. Minara ya simu inasimama juu yake, lakini nyumba iliyojificha nyuma ya mwamba au bondeni hupata mawimbi hafifu, na vipande vya picha hupotea njiani. Sogeza kifaa cha intaneti dirishani, funga video ambazo watoto wanatazama, na msaidizi apunguze ukubwa wa picha na rangi zake. Mara nyingi hayo hutosha.

Karani wa kituo anayetumia Remote Desktop ya Windows ana kesi ya namna yake. Tangu mwaka 2012 programu hiyo yaweza kupitisha picha kwa njia mbili, TCP na UDP. Iko mitandao ambamo ya pili hukwama kimya, na picha ikasimama ingawa hakuna aliyekatwa. Fundi aweza kuifunga UDP upande wa mtumiaji na kuacha TCP peke yake.

Na kama saa ya mashine ya nyumbani nayo imesimama, mtandao hauna hatia. Ngojeni dakika chache, kwani diski ya zamani huchoka haraka. Lakini ikiwa kioo kinasema kwamba inajisasisha, umeme usizimwe.

Jambo la mwisho ni la usalama. Wezi hupiga simu wakijifanya mafundi, wakaomba namba ya kuingilia, kisha wakakifunika kioo makusudi huku wakihamisha fedha. Msaada upewe na mtu uliyempigia wewe. Kioo kikigeuka cheusi naye hana maelezo, chomoa intaneti kwanza, maswali baadaye.

Mama wa Mbale alikuwa na saa tatu mkononi. Alisoma jina, shemeji akasema ndilo, akabonyeza. Fomu ikifika, atafunga kipindi cha msaada mwenyewe na kubadili neno la siri alilomtajia shemeji kwa simu.